Siku Aliyookoka Musau

Kanuni ya kwanza pale chuoni ilikuwa kwamba mwanafunzi hatembei peke yake. Ukienda dukani Thika kununua sabuni, mnakwenda wawili. Ukishuka mto Chania kuchota maji, wawili. Kuhubiri ndiyo usiseme, wawili, maana Bwana Yesu mwenyewe aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na wewe ni nani umzidi? Choo peke yake ndicho kilichosamehewa, na hata huko mwenzako alikungoja njiani akipiga mluzi. Musau, kijana wa Kangundo, alikuwa amekaa chini ya kanuni hiyo mwaka mmoja na miezi miwili bila kuwa peke yake mchana hata nusu saa, na nawaambia ukweli, kutoka Thika mpaka Ruiru hakukuwa na kijana mpweke kuliko yeye.

Msimcheke kabla hamjasikia.

Chuo chenyewe kilikuwa cha misheni, upande wa Kamenu, nyumba nne za mabati na shamba la mananasi. Kilifundisha vijana kuwa wainjilisti kwa muda wa miaka miwili. Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri. Mlipiga magoti, mkanywa uji, mkakariri mistari, mkalima mananasi mpaka jua likawachoma visogo, mkaoga, mkavaa shati jeupe na kaptula ya kaki, mkarudi darasani. Barua ya nyumbani ilikuwa moja kwa mwezi, na Mwalimu Zacharia, aliyekuwa mkuu wa mafunzo, aliisoma kwanza kabla haijatiwa gundi. Kazi yote hiyo Musau aliiweza. Kijana wa Kikamba humtishi kwa jembe wala kwa uji mwepesi.

Kilichomshinda ni jambo alilolifanya siku ya kwanza kabisa, Januari ya mwaka wa hamsini na sita, alipokuja kuomba nafasi. Mwalimu Zacharia alikuwa na daftari kubwa jeusi mezani, na kila aliyeingia aliulizwa swali moja: "Uliokoka siku gani?"

Hilo swali, kwa watu wale, halikuwa mchezo. Kila ndugu alikuwa na siku yake. Kulikuwa na aliyeokoka tarehe fulani akiwa amelewa muratina kando ya barabara, mwingine aliokoka akiiba mbuzi, akamwachilia mbuzi njiani na kulia. Tarehe ikaandikwa daftarini mbele ya jina lako, na kila mwaka siku hiyo ikifika ndugu walikuimbia na kukupikia wali. Asiyekuwa na siku hakuwa ameokoka bado, basi. Angoje.

Musau hakuwa na siku. Angeipata wapi? Mama yake Mbula alikuwa akifagia kanisa tangu yeye yuko mgongoni. Hakuiba mbuzi, hakuonja pombe, na hakumbuki hata asubuhi moja aliyoamka haamini kuwa Mungu yuko. Lakini mwezi mzima alikuwa ametembea kijijini akiaga watu, na mama yake alikuwa ameuza kuku watatu kwa ajili ya lile shati jeupe. Akaona kalamu ya Mwalimu inangoja juu ya karatasi. Akafungua mdomo, ikatoka tarehe.

"Kumi na nne Agosti, mwaka wa hamsini na mbili."

"Ukiwa wapi?"

"Nikichunga mbuzi, Mwalimu. Nikasikia moto kifuani."

Ikaandikwa. Kumbe ile tarehe haikutoka hewani. Ndiyo ilikuwa tarehe pekee maishani mwake aliyoijua kwa moyo, maana karani wa hospitali aliiandika kwenye karatasi ya buluu, na karatasi hiyo mama yake aliifunga ndani ya kitambaa pamoja na Biblia. Siku hiyo alikufa mdogo wake Ndambuki, mtoto wa miaka sita, kwa homa.

Sasa mfikirie Agosti ilipofika. Saa kumi na moja alfajiri ndugu ishirini na wawili walizunguka kitanda chake wakipiga makofi na kuimba kwa furaha. Mchana wakala wali. Mwalimu Zacharia akamshika bega, akamwita mtoto wa miaka minne katika wokovu. Musau akatoroka mpaka nyuma ya stoo, akalia huku amejiziba mdomo kwa shati. Mwenzake Bedan Gachanja, ambaye kwa kanuni ilibidi amfuate, alimkuta pale. Akamkumbatia, macho yakimlengalenga, akasema, "Ndugu Musau, furaha kama hii hata mimi sina."

Musau angemwambia nini?

Bedan huyo alikuwa kijana wa Githunguri, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, na wokovu wake ulikuwa wa kweli kabisa. Walipewa baiskeli moja. Kila Jumamosi walikanyaga kutoka Thika mpaka Ruiru, mmoja akiendesha na mwingine amekaa nyuma na Biblia mbili, wakapitia mashamba ya kahawa, kisha wakaingia kwenye kijiji kimoja upande wa Murera. Kilikuwa kijiji cha Hali ya Hatari, kimoja cha vile serikali ilivyowakusanyia Wakikuyu ili iwachunge, nyumba zimepangwa mistari, handaki limezunguka na vijiti vilivyochongwa ndani yake. Pale langoni homgadi, mlinzi wa serikali, aliangalia barua yao ya misheni, akaangalia pasi ya Bedan, ambayo kila Mkikuyu alilazimika kuwa nayo, pande zote mbili, akamwangalia Bedan mwenyewe pande zote mbili, ndipo akawafungulia.

Musau hakujua Kikikuyu cha kutosha kuhubiri. Alisema kwa Kiswahili, Bedan akatafsiri. Na ushuhuda wa Musau ulipendwa, jamani. Kila Jumamosi aliutia chumvi kidogo. Kwanza palikuwa na mbuzi tu na moto. Baadaye ikaja mvua isiyomlowesha. Baadaye mbuzi wenyewe wakapiga magoti. Bedan aliitafsiri mvua hiyo kwa mikono miwili mpaka watoto wakaangalia juu.

Miongoni mwa waliosikiliza alikuwapo mwanamke mmoja mzee, Wakonyo, mchuma kahawa, aliyekaa siku zote karibu na mlango. Musau alimwita cucu, vile Bedan alivyomfundisha kuwaita bibi wazee wa Kikikuyu. Mwanawe wa pekee, Kagwe, alichukuliwa kizuizini miaka mitatu nyuma, na tangu hapo hajasikia lolote kama yu hai. Wakonyo alitaka kubatizwa. Alikuwa ameomba mara mbili, na mara mbili Mwalimu Zacharia, alipokuja kuwapima watu, alimuuliza siku yake. Bibi akasema hajui, yeye anamwomba Mungu tu kila siku. Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia kwa upole aendelee kungoja, siku yake itafika.

Mwezi wa Februari, baada ya mahubiri, bibi huyo alimvuta Bedan mkono na kumwuliza Musau kitu.

"Anauliza," Bedan akasema, "ule moto ulianzia upande gani wa kifua?"

Musau akajibu bila kufikiri. "Kushoto."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaweka kiganja chake kushoto, akaenda zake.

Jumamosi ya pili walimkuta amekaa vilevile, mkono kifuani. Jirani alisema hata shambani husimama katikati ya kahawa amejishika hivyo, mpaka nyapara amfokee. Jumamosi ya tatu alikuwa amekonda. Na ile ya tarehe tisa Machi hakuja kwenye mahubiri. Wakaenda nyumbani kwake. Walimkuta ameketi sakafuni na shuka mabegani, midomo imekauka, na kando yake sufuria ndogo ya viazi vitamu ambavyo jirani alimletea na havikuguswa.

Alisema na Bedan kwa muda mrefu, sauti ya chini. Bedan alipogeuka, ucheshi wote ulikuwa umemtoka.

"Amefunga siku nane. Anakunywa maji tu. Anasema amengoja moto ule, kushoto, na hausikii. Anasema labda Mungu amemkataa kwa ajili ya mwanawe. Anataka umwambie amekosea wapi."

Mwaka mzima alidhani uongo wake unamuumiza yeye peke yake, na hilo alikuwa amelikubali, kwamba ni adhabu yake ataibeba kimyakimya mpaka apewe cheti na kurudi Kangundo kwa mama. Sasa aliuona umekaa mbele yake sakafuni, umekonda. Akajua pia, bila kuambiwa na mtu, kwamba akisema neno moja hapa, cheti hakuna, na shati jeupe litarudi nyumbani likiwa kwenye bunda.

"Bedan, tafsiri," akasema. "Mwambie hakukosea. Mwambie moto haukuwako."

Bedan akamwangalia.

"Tafsiri."

"Unasema nini wewe?"

"Nilidanganya. Hakukuwa na moto, hakukuwa na mvua, na siku hiyo sikuchunga mbuzi. Mwambie."

"Mimi siwezi kutia maneno hayo kinywani mwangu," Bedan akasema polepole. "Nimesimama kando yako mwaka mzima nikiyasema yale mengine."

Basi Musau akapiga magoti mbele ya bibi. Kikikuyu chake kilikuwa cha kuombea chumvi, lakini moto huitwa mwaki, kwa Wakikuyu na kwa Wakamba vilevile, na hilo lilimtosha. Akaweka kiganja chake mwenyewe kushoto. Akatikisa kichwa.

"Mwaki hakuna, cucu," akasema. "Mwaki hakuna."

Bibi akamtazama mkono, akamtazama uso. Kisha akamgeukia Bedan kumwuliza. Na Bedan, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu na hakuweza kumficha mzee jambo aliloliuliza, akaanza kutafsiri. Alitafsiri yote, macho yake ukutani. Daftari, kalamu iliyongoja, kuku watatu, tarehe. Musau alipofika kwenye karatasi ya buluu na kulitaja jina la Ndambuki, Bedan aligeuka akamtazama kabla ya kulitamka. Nadhani hapo alikumbuka wali wa Agosti na yale makofi.

Musau akadhani atafukuzwa. Wakonyo akauliza swali fupi.

"Anauliza mtoto alikuwa na miaka mingapi."

"Sita."

"Anauliza alikuwa anapenda nini."

Miezi kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Musau hivyo. "Kupanda mgongoni kwangu tukienda kisimani. Alikuwa mzito. Nilikuwa nikimkemea."

Bibi akasema kitu, akainamia sufuria.

"Anasema," Bedan akatafsiri, "naye angeulizwa tarehe kwa nguvu, angetaja ile waliyomchukua Kagwe. Hana nyingine anayoijua."

Wakonyo akatoa kiazi kimoja baridi, akakivunja vipande vitatu. Kimoja akampa Musau, kimoja Bedan. Cha tatu akakitia kinywani mwake mwenyewe na kukitafuna taratibu, baada ya siku nane. Hawakuomba wala kuimba. Walikula tu.

Njiani kurudi Bedan ndiye aliyeendesha. Walipita mto Ruiru, wakapita mashamba, jua likiwa upande wa kushoto, na mtu yule asiyejua kunyamaza hakutoa neno mpaka walipoona moshi wa viwanda vya Thika.

"Itabidi nimwambie Mwalimu," akasema bila kugeuka.

"Najua."

"Sipendi."

"Najua, Bedan."

"Basi kesho simama useme mwenyewe. Ukisema wewe, sitalazimika."

Jumapili Musau akasimama. Aliyasema yote kwa maneno machache, na alipomaliza, hakuna aliyemtukana, na nadhani angefurahi kama wangemtukana. Walitazama chini tu. Mwalimu Zacharia alifungua daftari jeusi, akaweka rula, akapiga mstari juu ya tarehe ile. Jina aliliacha. Akasema kamati ya misheni itaamua, na mpaka hapo Musau hatahubiri, atafanya kazi ya shamba.

Bedan akapewa mwenzake mwingine. Na sasa ona mambo yalivyo. Kanuni ya wawili ilikuwa ya wanafunzi, na Musau hakuhesabiwa tena kuwa mwanafunzi, kwa hiyo alitembea peke yake. Alichota maji peke yake. Alipalilia mananasi peke yake, miiba ikimchana mikono, na wenzake walipopita njiani walimsalimia kwa adabu, haraka, wakaendelea. Usiku alilala kwa utulivu ambao hakuujua kwa mwaka mzima, hilo lazima niseme. Lakini mchana alikuwa akijikuta ameegemea jembe, akisikiliza mluzi wa mtu kwa mbali, na machozi yakamshuka. Alitamani nyumbani, na aliogopa nyumbani.

Wiki moja kabla ya Pasaka jibu la kamati likaja. Atarudi Kangundo. Basi la Tala, Jumatatu ya Pasaka asubuhi. Mwalimu alimsomea barua ile ofisini, akaikunja, akakaa nayo mkononi kana kwamba hakujua pa kuiweka.

"Umeshamwandikia mama yako?"

"Bado."

"Mwandikie. Hiyo sitaisoma."

Jumapili ya Pasaka palikuwa na ubatizo mtoni Ruiru. Walihitajika watu wa kubeba mablanketi ya kuwafunika waliotoka majini, na Musau akabebeshwa. Akasimama nyuma kabisa, blanketi kumi na moja mikononi mpaka kidevuni, na akajificha hapo nyuma yake vizuri tu. Ndugu waliimba. Mwalimu Zacharia alisimama ukingoni na daftari jeusi, akimwuliza kila mmoja kwa mara ya mwisho kabla ubatizo haujaanza, akiandika, na Bedan alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni akingoja kuwapokea.

Mtu wa mwisho katika mstari alikuwa Wakonyo. Musau hakujua kama angekuja. Alikuwa amerudisha mwili kidogo, amevaa gauni jeupe la kuazima lililoburuta chini, na shuka lake mabegani.

"Cucu," Mwalimu akamwuliza, "umeipata siku yako?"

Angeweza kumjibu kwa Kikikuyu, lugha yao wote wawili. Badala yake akageuka, akatafuta kwa macho mpaka akaona yale mablanketi, na akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, kwa sauti, ili anayestahili kusikia asikie.

"Nimepata. Ni ile Jumamosi huyu kijana alisema yeye hana siku."

Nyimbo zikakatika. Majini Bedan aliinamisha kichwa. Mwalimu Zacharia alimtazama bibi, kalamu imesimama juu ya karatasi.

"Kwa nini hiyo, cucu? Ulisikia moto?"

"Moto hapana. Mimi nilikuwa peke yangu na huyo alikuwa peke yake," akasema Wakonyo. "Halafu tukawa wawili."

Mwalimu alikuwa mzee mwenye kupima maneno, na alionekana akiyapima hayo, akiyageuza huku na huku. Hatimaye akainua uso juu ya vichwa vya watu wote, akamtazama Musau, na kwa mara ya pili maishani akamwuliza lile swali, kalamu ikingoja vilevile kama Januari ile.

"Ilikuwa tarehe gani?"

"Tisa Machi, Mwalimu," Musau akajibu. "Mwaka wa hamsini na saba."

Ikaandikwa.

Tarehe hiyo ilikaa mbele ya majina mawili, la bibi na lile la Musau lililokuwa limeachwa bila siku. Basi la Tala halikubadilika kwa hilo, lilikuwa palepale likimngoja kesho yake, na mama alikuwa palepale na mlango wake. Lakini Wakonyo alipita mbele ya watu wote mpaka kule nyuma, akavua shuka lake la mabegani, akaliweka juu ya yale mablanketi mengine. Akamwambia Musau asiondoke hapo, yeye akitoka majini atakuwa anasikia baridi na hataki kufunikwa na mtu mwingine. Halafu akashika gauni lake la kuazima kwa mikono miwili na kuteremka mtoni.

Musau akawakabidhi wabebaji wengine mablanketi kumi. Shuka la bibi akalitia begani, blanketi moja akalibakiza, akalikunjua, akalishika wazi kwa mikono yote miwili, akasimama pale ukingoni akingoja.